Hesabu Kurudi Nyuma

Januari, Kaliua. Msimu wa ikama.
Nimefunga dirisha, kumbikumbi
wasije wakaripoti kazini bila kibali.
Kada: mtaalamu wa usingizi.
Wanaohitajika: wanne.
Waliopo: mmoja.
Upungufu: kompyuta inajaza yenyewe,
upesi, kama mtu asiyeona haya.

Huyo mmoja ana jina. Nyamizi Kapela,
miaka hamsini na minane, kiatu cha kushoto kimelala kisigino,
simu yake haizimwi hata kanisani.
Wajawazito huletwa kwa bodaboda kutoka Usinge,
kwa mkokoteni wa ng'ombe kutoka kusikofika bodaboda;
daktari ananawa, kisu kinangoja,
wote wanamngoja yeye.
Wilaya nzima inalazwa na mwanamke
ambaye hajalala.

Mwaka juzi niliomba watatu.
Wakaja mlinzi mmoja na watunza kumbukumbu wawili.
Nikawapokea. Mgeni harudishwi na bahasha yake mkononi.
Mwaka jana akaja kijana, cheti bado kinanukia wino.
Akaripoti Jumatatu, akachukua posho ya kujikimu,
akauliza mtandao unashika wapi,
na mahindi hayajatoa mbelewele
barua ya uhamisho ikafika: anamfuata mwenza.
Simlaumu. Hata wangu yuko Nzega.

"Tuazime Urambo," mkurugenzi akasema kikaoni.
Urambo nao wana mmoja.
"Basi tutangaze upya."
Tukatangaza,
kana kwamba mtaalamu ni uyoga:
radi ipige usiku, asubuhi uingie porini na kikapu.

Haya yote niliyajua kwa tarakimu tu
mpaka Agosti, ngiri iliponilaza.
Taa ya duara. Ubaridi wa chuma mgongoni.
Nyamizi akaniinamia, barakoa imeacha macho tu,
akasema, "Afisa utumishi, leo upungufu ni wewe.
Hesabu kurudi nyuma. Anzia kumi."

Kumi, nikasema.
Tisa.
Nane, nikaona safu zangu zinapanda ukutani,
saba, miaka ya kumsomesha mtu
hadi aaminiwe na pumzi ya mwenzake,
sita,
mbili (niliruka mimi, au dawa iliruka),
mbili, iliyobaki kabla hajastaafu,
moja

Nikaamka nauliza, "Baada yako nani?"
Wauguzi wakacheka. Walidhani naweweseka.

Septemba nikampata Holo Msabila, wa wodi ya wazazi,
yule anayehesabu mapigo kwa midomo bila sauti.
Matroni akaja juu: "Ukimtoa huyu,
zamu ya usiku nampa nani? Wewe na kalamu yako?"
Alikuwa na haki.
Mbegu nayo ni chakula,
ndiyo maana kuihifadhi kunauma tumbo.
Nikasaini ruhusa ya masomo kwa mkono uliotaka kurudi mfukoni.

Stesheni tulikuwa wawili, yeye na mimi,
na kidumu cha asali cha kumpoza mwenye nyumba huko Mwanza.
Nyamizi aliahidi kuja kumuaga.
Hakuja. Kulikuwa na mama mezani.

Sasa narudi kwenye fomu.
Waliopo: mmoja.
Aliyeko masomoni hana kisanduku.
Nimeandika moja na nusu, mfumo umekataa.
Nimeandika "Holo", mfumo unataka tarakimu.
Nimeuacha. Nimechukua penseli,
nikaandika kwenye ukingo wa nakala ya karatasi,
kwa yeyote atakayekalia kiti hiki baada yangu:
yuko njiani, msimtangazie nafasi nyingine,
mtengeeni nyumba yenye maji.

Mvua imeanza kupiga bati.
Ng'ambo ya uwanja, dirisha la chumba cha upasuaji limewaka.
Simu ya mtu inaita huko kota,
mlio mmoja tu,
inapokelewa.